Malaria ya Nyumba Namba Saba

Wenzangu mnaobaki pale zahanati mliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi, mkasema niandike kama ninavyoongea. Mlijua mnachokiomba. Habari za vyeo sitazigusa, wala ile blenda niliyokabidhiwa siku ya kuniaga huku nikipigwa picha nimenuna. Nitaandika juu ya joto. Siku hiyohiyo ya kuniaga nilimsikia meneja mpya akimuuliza mwenzake kwa nini wapiga dawa ya maua wanatoka kazini saa tatu asubuhi, ilhali "huku Njoro joto hakuna." Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sahani ya keki mkononi. Kidogo tu nimpake ile keki kichwani.

Saa tatu hiyo haikuletwa na huruma ya mtu. Drumu za maji ya kunywa mlangoni mwa kila nyumba ya plastiki hazikuletwa na huruma, wala lile beseni kubwa jeusi nje ya zahanati ambalo wageni hudhani ni la kunyweshea ng'ombe. Kila kimoja kina mtu wake. Wawili wao nitawataja kwa majina yao ya kwanza tu, na mimi mwenyewe sitajificha.

Nilifika shambani mwezi wa saba, ukungu ukiwa umelala juu ya barabara ya kwenda Molo hata dereva akawa anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Shamba lilikuwa la waridi za kupeleka ng'ambo, nyumba za plastiki ishirini na mbili zimejipanga kwenye mteremko. Zahanati ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya ukumbi wa gredi, pale maua yanapopangwa na kufungwa. Ndani yake mlikuwa na kipimajoto kimoja cha zebaki, mashine ya presha iliyovuja hewa, debe la panadol, na kabati moja lililofungwa kwa kufuli. Ndani ya kabati hilo kulikuwa na atropini, sindano anayopigwa mtu aliyeingiwa na sumu ya dawa za kunyunyizia mimea. Hukausha mate na jasho na kuuharakisha moyo. Kumbukeni neno jasho.

Sista niliyempokea kazi alinipa funguo na maneno mawili matatu. "Hapa kuna magonjwa mawili tu," aliniambia. "Baridi na dawa. Wa baridi mpe panadol, wa dawa mdunge." Akachukua mkoba wake akaenda zake Nakuru, na mimi nikamwamini, kwa kuwa nje kulikuwa na baridi ya kuuma masikio.

Ubaya wa mahali pale ni huo hasa. Wafanyakazi walitoka nyumbani alfajiri wamevaa sweta mbili, leso kiunoni, kofia ya marvin kichwani na gambuti miguuni. Wakaingia ndani ya plastiki. Kufikia saa tano jua la kiangazi limepasua mawingu, na ndani ya plastiki hakuna upepo, maji ya mabomba yamegeuka mvuke, na mtu bado amevaa sweta kwa sababu hana mahali pa kuitundika bila kuibiwa. Saa nane wanawake walipanga foleni dirishani kwangu. Kichwa kinauma, Sista. Kisunzisunzi. Nimetapika. Misuli ya mguu imekaza. Niligusa mikono yao nikaikuta ina jasho la baridi, nikawapa panadol na kuwaambia wavae vizuri. Nilifanya hivyo miezi minane. Hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu wote tuliamini kwamba adui wa mtu wa Njoro ni baridi.

Aliyenisahihisha alikuwa Mzee Kiptoo. Alikuwa tabibu wa jeshi, akastaafu akajenga Lanet, na shamba likamchukua kwa mkataba aje Jumanne na Ijumaa kuona wagonjwa walionishinda. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata akila, na alinusa kila kitu kabla ya kukigusa. Jumanne moja alisimama nyuma yangu akanitazama nikigawa panadol kwa watu tisa mfululizo. Walipoisha akafunga dirisha.

"Sista, hao wote wana homa?"

"Kichwa tu, mzee. Na baridi."

"Hiyo si baridi. Hawa watu wanapikwa." Akavuta kiti. "Sikiza. Homa ni mwili umejiwashia moto wenyewe, makusudi, kupigana na ugonjwa. Hapo panadol inasaidia. Hii ingine ni moto ya jua na moto ya kazi, imeingia na imekosa mlango ya kutokea. Mlango yenyewe ni jasho likikauka kwa ngozi. Sasa wewe ndani ya plastiki, na sweta mbili, jasho itakaukia wapi? Panadol haiwezi fungua mlango."

Nimesoma vitabu vingi baadaye, na hakuna kilichonieleza vizuri kuliko hivyo. Alinifundisha kuwa mwanzo wake ni misuli kukaza, kisha kichwa, kisunzisunzi, kichefuchefu na jasho jingi. Mtu wa aina hiyo mpeleke kivulini, mvue, mpe maji yenye chumvi na sukari kidogo, mpepee, atapona. Hatari yenyewe haianzi kwenye kipimajoto, inaanzia kichwani. "Muulize leo ni siku gani," alisema. "Akikuambia ni Krismasi, wacha kila kitu ingine, mtie kwa maji baridi. Hapo huna saa moja. Huna hata nusu." Akaniambia pia kwamba wanaoanguka mara nyingi ni wageni na waliotoka likizo, kwa sababu mwili huzoea joto polepole na husahau haraka. Askari wenye nguvu aliowaona wakianguka kwenye matembezi marefu walikuwa wametoka nyumbani wiki hiyo.

Alifanya jambo moja zaidi. Alinunua kipimajoto cha ukutani akakitundika katikati ya nyumba namba saba, iliyo chini kabisa ya mteremko, mahali upepo haufiki. Saa saba mchana kilisoma arubaini na tatu. Kesho yake kilikuwa kimeondolewa, na meneja wa wakati huo akamwambia kwamba vitu kama hivyo vinawatia watu hofu. Na mjue kwamba katika shamba hilohilo, chumba cha baridi cha maua kilikuwa na vipimajoto viwili, na kijana wa zamu akiandika nambari kila saa kwenye karatasi. Waridi likikaa juani nusu saa baada ya kukatwa, mwenye kulikata alipewa barua ya onyo. Tulijua kabisa joto linafanya nini kwa kitu chenye uhai. Tulilijua kwa maua.

Sasa nifike kwa Barasa. Alikuwa mpiga dawa, mwanamume wa miraba minne, mcheshi, aliyekuja zahanati mara moja tu kwa mwaka kung'olewa mwiba. Ilikuwa majuma mawili kabla ya sikukuu ya wapendanao, wakati shamba zima linakimbia kama nyumba inayowaka. Asubuhi wavunaji walikuwa ndani wakikata maua, kwa hiyo dawa ikapangwa kupigwa saa tano hadi saa nane, wavunaji wakishatoka. Mpiga dawa huvaa ovaroli ya mpira toka shingoni hadi miguuni, glavu, gambuti na barakoa. Barasa alikuwa amerudi kutoka likizo kwao Bungoma siku ya juzi yake. Akapangiwa nyumba namba saba.

Saa sita na kitu nilisikia magurudumu. Supavaiza wa dawa, aliyeitwa Joel, alikuwa akisukuma lile toroli la kubebea ndoo za maua, na juu yake Barasa, amelala ubavu ndani ya ovaroli yake, akirusha mikono na kumtukana mtu ambaye hakuwepo.

"Sista, dawa imempata," Joel aliniambia huku akihema. "Ameanguka tu hivi. Tumempea maziwa pakiti mbili."

Hapa lazima nieleze jambo la maziwa kwa yule atakayesoma na hajafanya kazi kwenye maua. Wapiga dawa hupewa maziwa. Wanaamini yanaosha sumu tumboni, na mashamba yanawaachia waamini kwa sababu ni rahisi kuliko kununua barakoa nzuri. Mtu akianguka, kitu cha kwanza ni kumimina maziwa kinywani mwake, hata kama hajijui, hata kama yatapita njia ya mapafu. Barasa alikuwa na utando mweupe mdomoni na puani. Tulipomfungua ovaroli jasho lilimwagika kwenye saruji. Amechanganyikiwa, ana povu jeupe, ana jasho. Kila kitu kwenye karatasi ya sumu iliyobandikwa ukutani kilikuwa mbele yangu. Sikumulika macho yake, na mwenye sumu hiyo mboni zake huwa ndogo kama tundu la sindano. Sikupima joto. Maneno yote ya Mzee Kiptoo juu ya mtu anayesema leo ni Krismasi yalinitoka kichwani. Nilifungua kabati, nikavunja atropini, nikamdunga.

Basi nilichukua mtu ambaye mlango wake mmoja wa kutolea joto ulikuwa jasho, nikaufunga kwa sindano. Ndani ya dakika chache ngozi yake ilianza kukauka, moyo ukawa unaenda mbio hata nikashindwa kuuhesabu, na akaacha kutukana. Nilifurahi kwamba ametulia.

Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo Mzee Kiptoo aliingia. Alipitisha kiganja shingoni mwa Barasa, akakiondoa. Akainama, akanusa mdomo wake.

"Hii povu ni maziwa," alisema. "Ulimulika macho kabla ya kumdunga?"

Nikatikisa kichwa. Akachukua kipimajoto, na hakukiweka kwapani, maana joto la kwapa hudanganya. Kilisoma arubaini na moja na nusu. Joel alikuwa ameshaita gari la shamba, anataka mgonjwa akimbizwe mjini. Mzee akasimama mlangoni. "Hadi Nakuru ni karibu saa nzima. Utafikisha maiti yenye dripu. Kwanza tumpoze, halafu gari."

Mahali pekee penye maji baridi ya kutosha mtu mzima palikuwa lile sinki refu la kuoshea ndoo za waridi, nje ya chumba cha baridi. Tulimlaza humo, mimi nimeshika kichwa, Joel akimwaga maji kwa ndoo na kumsugua mikono na miguu. Meneja akaja akitembea haraka.

"Nani ameruhusu hii? Hiyo sinki ni ya maua. Inspekta wa maua akiona mtu ndani yake?"

"Inspekta akikuja mwambie ni ua imenyauka," Mzee Kiptoo alisema bila kuinua kichwa.

Baada ya dakika kama ishirini joto lilishuka hadi thelathini na tisa, tukamtoa asije akapoa kupita kiasi, ndipo akapelekwa mjini. Barasa hakufa. Lakini aliporudi kuchukua vitu vyake mwezi uliofuata alizungumza kama mlevi, akitembea kwa kupanua miguu, na nilimwona akijaribu kufunga kifungo cha shati mbele ya zahanati, kifungo kimoja, hadi Joel akamfungia. Sijui ni kiasi gani cha hayo kilitoka kwenye joto na kiasi gani kwenye sindano yangu. Hakuna atakayenipimia.

Kesho yake meneja alikuja zahanati, akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa na viatu vyake. Rejista ilikuwa mezani, safu ya ugonjwa ikiwa tupu mbele ya jina la Barasa.

"Sista, tuandike kitu haitaleta maneno," alisema kwa upole. "Tukisema ni dawa, watu wa mazingira watakuja. Tukisema ni joto, wataandika tunapika watu. Andika malaria. Kila mtu Kenya anajua malaria." Akainuka. "Na ile sindano yako mimi sitauliza."

Malaria. Huko juu, kwenye ukungu, mahali ambapo mbu akija lazima aje na sweta. Ningemcheka, ningemfukuza. Lakini alikuwa ameniwekea mbele yangu maficho, na mimi nilikuwa natafuta maficho tangu jana yake. Nikaandika malaria, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jumanne Mzee Kiptoo aliisoma, akaifunga rejista, akaniambia, "Umeponya meneja. Barasa bado." Mwezi huo mkataba wake haukurefushwa. Aliniachia kipimajoto chake cha jeshi na hakuniaga.

Na uongo ukianza kazi, jamani, unafanya kazi kuliko sisi. Ofisi kuu iliona malaria kwenye ripoti. Ikaleta neti, mbili kwa kila nyumba ya mfanyakazi. Ikaleta maboksi ya vidonge. Mitaro ikapulizwa dawa, na nyumba namba saba ikaendelea kupigwa dawa saa sita mchana, maana tatizo limeshajulikana ni mbu. Mimi nikaambiwa niwafundishe watu Jumatatu kwenye mkutano wa asubuhi, na nikasimama juu ya kreti nikafundisha. Ukisikia kichwa, kutapika na joto mwilini, njoo umeze dawa. Watu wakaanza kuita kila kitu malaria. Kichwa cha saa nane kilichokuwa baridi kikawa malaria, nami nikagawa vidonge pale nilipokuwa nikigawa panadol.

Joel alikuwa na upungufu wa mtu mmoja tangu Barasa aondoke, kwa hiyo akavaa ovaroli mwenyewe. Wiki tatu hivi zilipita. Jumatano moja kabla ya saa sita alikuja dirishani, ameshusha ovaroli hadi kiunoni, macho mekundu.

"Sista, hii malaria yenu imenishika. Nimetapika huko."

Nilikuwa najaza fomu za neti. Nilimpa vidonge na kikombe cha maji, nikamwambia apumzike. Akacheka, akasema amebakisha laini nne tu za maua amalize namba saba, na kwa vile dawa imeshaingia tumboni hakuna shida. Nilimwona akipandisha ile ovaroli mabegani. Nilimwona, na nikarudi kwenye fomu.

Laini hizo hakuzimaliza. Wenzake walimkuta ameketi kati ya maua anaongea maneno yasiyoshikana, na kwa kuwa Sista alikuwa ameshasema ni malaria, hawakumleta kwangu. Walimpeleka kwake kwenye nyumba za wafanyakazi, chumba cha mabati kisicho na dari. Mama yake alikuwepo, ametoka Molo juzi yake na gunia la viazi. Mkewe, Tabitha, alikuwa kazini kwenye gredi. Saa saba yule mama akaja dirishani kwangu, leso begani.

"Sista, Joel amerudishwa. Anachomeka na anaongea vibaya. Nifanye nini?"

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwa hatua ngapi kutoka kiti changu hadi mlangoni. Hatua nne. Chuoni nilifundishwa mtu wa homa hafunikwi. Mzee Kiptoo alinifundisha maana ya mtu anayeongea vibaya. Nami, bila kuinuka, nikamjibu, "Ni malaria, mama. Amemeza dawa. Mfunike vizuri atoe jasho, nitapita jioni."

Alinishukuru. Alitoka Molo, mahali ambapo blanketi ndilo dawa ya kwanza ya kila ugonjwa, na alifurahi kusikia nasi tunajua hivyo.

Tabitha alitoka gredi saa tisa. Alimkuta hivyo, akarudi mbio akiniita tangu njiani, nikakimbia. Joel alikuwa chini ya neti ya kampuni, chini ya blanketi tatu, ngozi kavu kama mabati. Zebaki ya kipimajoto cha Mzee Kiptoo ilipanda hadi mwisho ikagonga kioo. Tulimbeba hadi kwenye sinki, na safari hii hakuna aliyethubutu kutuuliza ni ya nani. Nilimmwagia maji hadi Tabitha aliponishika mkono akanizuia.

Wiki moja baada ya mazishi Tabitha alikuja zahanati. Hakuketi. Akaniambia anataka kuona kitabu. Nikamgeuzia. Alisoma mstari wa Joel, kisha akarudisha kidole nyuma ukurasa mmoja.

"Barasa pia alikuwa na malaria?"

"La."

"Na Joel?"

"Hapana, Tabitha. Ni joto. Wote wawili."

Nilimweleza yote akiwa amesimama, sindano, meneja kwenye kitanda, neti, yote. Nilingoja anipige. Alisema tu, "Andika." Nikakata neno malaria mara mbili, nikaandika juu yake kilichotokea, pamoja na atropini, pamoja na saa, nikatia sahihi. Kitabu hicho tulikipeleka pamoja kwa watu wa ofisi ya kazi mjini Nakuru, yeye amekishika, mimi nimebeba barua ya onyo niliyopewa siku hiyohiyo kwa kutoa siri za kampuni. Ilichukua miezi, na kelele nyingi, na wanawake wa gredi kukaa chini asubuhi moja maua yakinyauka mbele yao. Ndipo kupiga dawa kukasogezwa kumalizike saa tatu asubuhi, drumu zikaja, likaja na beseni la kumpozea mtu. Yule meneja alihamishwa shamba kubwa zaidi. Sitaki kusema alipandishwa, niliahidi sitagusa vyeo.

Lakini siku ile, kabla ya hayo yote, Tabitha alikuwa na jambo jingine.

"Mama yake Joel ako na wajukuu watatu huko Molo," aliniambia. "Amebeba zile neti na zile vidonge. Juzi mdogo alipata joto kidogo, akamfunika blanketi tatu, akafunga na dirisha. Nikamwambia atoe, akasema Sista wa shamba ndiye alimfunza. Mimi siwezi mwambia, Sista. Nikimwambia, nitakuwa nimemwambia ni yeye."

Jumamosi tukaenda. Mvua ilikuwa karibu kuanza, malori ya viazi yamejaa barabarani. Tulimkuta mama akichambua viazi vya mbegu nyuma ya jiko, akanikaribisha kwa mikono miwili, akataka kunichemshia chai. Nilimwomba aketi kwanza. Nilikuwa nimepanga maneno ya kitaalamu njiani kote, na yote yaliniishia pale. Nikamwambia haikuwa malaria, haijawahi kuwa malaria, kwamba mwanawe alichemka kwa kazi na jua, na alihitaji kuvuliwa na kumwagiwa maji, na kwamba mtoto mwenye joto asifunikwe tena katika nyumba ile, amvue, ampanguse kwa maji, amkimbize hospitali.

Mama aliacha kuchambua. Alikuwa ameshika kiazi kimoja na kisu, na hakuviweka chini. Niliona anavyozihesabu zile blanketi kichwani mwake, moja, ya pili, ya tatu.

"Nilimfunika kwa sababu ulisema," aliniambia.

Tabitha aliinama akashika mkono wake. Nilikuwa na sababu kumi za kumpa yule mama, na meneja alikuwa katika sababu tisa.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Ulimfunika kwa sababu nilisema."